Neno lililobaki kwenye kadi ya harusi

Shoga, Lamis amejifungia chumbani, hataki kuona mtu.

Zile kadi za harusi alizobuni, za kijisanduku kilichofukizwa udi? Alichukua kadi ya zamani akabadilisha majina. Neno “marehemu” akalisahau, likabaki mbele ya jina la babake bwana harusi, Mzee Kaizar. Naye mzima, shoga! Mzima!

Zimeshatolewa Kibokoni kote. Mzee akaisoma mwenyewe barazani, akacheka: “Kumbe mushanizika?”

Marehemu. Kwa wino wa dhahabu!

Lamis akalia, akaapa atazichapisha upya.

Leo alasiri mzee kaanguka msikitini, hakuinuka tena.

Sasa hivi mkewe amempigia Lamis, sauti kavu: “Usijisumbue kuchapisha, mwanangu. Kadi zako ziko sawa.”