Picha ya Kifua cha Wambui

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi ya vikopo. Jamaa za wagonjwa huvileta wenyewe kutoka hospitalini, kwenye mifuko ya unga, kwenye mikebe ya chakula ya watoto. Mzee mmoja leo alikibeba chake ndani ya kofia. Katika kila kikopo, kipande cha mwili ndani ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza. Napokea, nabandika nambari, naandika jina. Kazi ya karani wa maabara ni kutokosea jina.

Kikopo cha mwisho kabla ya chai: Wambui, dada yangu. Kipande kutoka pafu la kulia. Hiki hakikuletwa na jamaa; tarishi wa hospitali alikileta pamoja na vingine, hakujua lolote.

Sheria yetu iko wazi. Ukikuta jamaa yako, unamwambia daktari na faili inahamia meza nyingine. Sikusema. Nilibandika nambari. Ilikaa upande. Nikaibandua, nikabandika tena.

Jumanne, 4 Machi

Usingizi mbovu. Wambui ana miaka thelathini. Anafundisha shule ya msingi Uthiru. Hajawahi kugusa sigara. Kwanza waliita pumu. Kisha akakohoa damu, wakampa dawa za kifua kikuu ingawa vijidudu havikuonekana. Miezi ya vidonge, mkojo rangi ya chungwa, na damu iko palepale. Ndipo daktari wake akaagiza skani, halafu wakapitisha mrija kooni na kunyofoa kipande. Mama, kule Waithaka, anajua kifua kikuu tu.

Jioni nilipita kwake. Alikuwa akisahihisha hesabu za watoto.

"We Kamaa, mbona unaniangalia hivyo? Nimeota pembe?"

Nikasema nimechoka kazini. Uongo mwepesi. Alinipa nusu ya vitabu nisahihishe.

Jumatano, 5 Machi

Daktari Mwanaisha husoma vipande kwa hadubini na kurekodi anachokiona. Mimi huvaa visikizi na kuandika. Leo sauti yake ilisema: seli ndogo, nyeusi, zimepondeka. Pengine saratani ya seli ndogo. Hii ni rasimu, isitumwe bado.

Maneno hayo nimewaandikia watu wengi. Najua yanakoelekea. Saratani ile haingoji mtu ajiandae. Haikatwi, hutibiwa kwa dawa tu, na huwa inarudi.

Nilienda chooni, nikafungua mfereji ili nisisikike.

Alhamisi, 6 Machi

Sikula mchana. Nilizunguka mtaa wa Latema, hapa mjini, kati ya wauza simu na wauza wigi. Mwanamke mmoja alikohoa nyuma yangu, nikageuka kama mtu aliyeitwa.

Niliporudi nilimwambia Daktari Mwanaisha. Alivua miwani. Huyu ni mama wa Mombasa, hapandishi sauti, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Mwanangu, umelala na hili tangu Jumatatu? Na mimi unanisalimu kila asubuhi, shikamoo, shikamoo?"

Faili imehamia meza ya Beatrice, karani mwenzangu. Mimi nisiiguse tena, nisiulize. Ni haki. Nimeona aibu.

Halafu akanielezea jambo. Koleo lililonyofoa kipande liliziponda seli. "Viazi vikishapondwa, nani atajua vilikuwa na umbo gani?" Tena skani haikubaliani na rasimu. Inaonyesha uvimbe wa mviringo, laini, ndani ya njia ya hewa, kwa mwanamke asiyevuta sigara. Kuna uvimbe mwingine, karsinoidi, ambao watu wachache sana huupata. Hukua polepole. Ukipondeka hufanana na ule mbaya. Huu wa pili hukatwa, na mtu akaishi. Ameagiza kipande kitiwe rangi nyingine.

Sitaki kutumaini. Nimetumaini.

Swali lake la mwisho: je, kuna picha ya zamani ya kifua, ya miaka iliyopita?

Ijumaa, 7 Machi

Huku kwetu hospitali haiweki picha. Unapewa, unaenda nayo nyumbani. Nimemuuliza Wambui, nikamwambia daktari anaitaka. "Ile ya college? Uliza Mama. Mama hatupi kitu."

Jumamosi, 8 Machi

Waithaka. Mama huniita baba kwa kuwa nina jina la babake.

"Hiyo plastiki nyeusi, baba? Si niliweka dirisha ya kuku. Mvua ilikuwa inaingia."

Ilikuwa huko kweli, imepigiliwa misumari. Kifua cha dada yangu, na kuku wakiota jua kupitia mbavu zake. Niliing'oa kwa koleo. Tundu la msumari begani. Kinyesi. Ukingo wa chini umepauka.

Nilipoingia kutafuta mfuko, Mama alikwisha kuanza kuisugua kwa sabuni na steelwool. Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia mama yangu kelele. Aliiweka chini, akafuta mikono kwenye leso.

"Ni picha tu, baba."

Pembe moja imekwaruzika. Katikati pamepona. Niliiinua kuelekea mwanga wa mbingu nikatazama. Niliona doa. Nikatazama tena, sikuliona. Mimi si daktari.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nilikuwa mwili tu. Wambui aliacha kuimba ubeti wa pili ili avute pumzi. Namchukia kila mtu aliyemaliza wimbo.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa nikimpa Beatrice mgongo. Kila akianza kuandika nasimamisha mikono yangu.

"Geuka ukutani, wewe. Na usiniombe chai leo, utaniuliza kitu."

Alinipa chai hata hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya madaktari kukaa pamoja: picha kwenye ubao wa taa, vioo chini ya hadubini. Nilipeleka ile picha, nikaambiwa nitoke nifunge mlango.

Daktari Otieno, msomaji wa picha, ana sauti kubwa. "Na hii imetobolewa na nini? Mgonjwa alisulubiwa?" Wakacheka. Niliwachukia. Kisha sauti zikashuka, nikasogea karibu na mlango.

Daktari Mwanaisha alitoka na kunipita. Nilitazama uso wake nikitafuta chochote. Aliniuliza kama printa imepata wino.

Ijumaa, 14 Machi

Wambui alipiga simu kutoka kliniki. Nilikuwa kwenye ngazi.

Karsinoidi.

Doa lilikuwako kwenye picha ya chuo, mahali palepale, dogo kama harage. Wakati ule waliliita nimonia. Ule uvimbe mbaya haungekaa miaka yote hiyo ukimngoja. Rangi mpya nayo imesema hivyohivyo: seli zinazogawanyika hugeuka kahawia, na zake zilizogeuka ni chache mno. Watakata sehemu ya pafu la kulia. Dawa za kifua kikuu ameambiwa aache.

Alicheka, akalia, akaniambia nitamke lile jina pole pole. Nilitamka. Niliketi kwenye ngazi, watu wakaniruka.

Naogopa kisu. Lakini ni hofu yenye mwisho.

Jumapili, 16 Machi

Waithaka, baada ya ibada. Mvua nyepesi. Wambui alisema atamwambia Mama mwenyewe, mimi ninyamaze.

Alimweleza kwa Kikuyu, taratibu, kama anavyowafundisha watoto kugawanya. Si kifua kikuu. Ni uvimbe. Unatoka.

Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu, ni upande gani. Wambui aliuchukua mkono wake, akauweka kulia, chini ya titi. Mama akauacha hapo. Chai ilipoa. Hakuna aliyeinuka.