Sauti Iliyosema Wanakuja

S.L.P. 41,
Harrow Lake, Minnesota.
Januari 14.

Mpendwa wifi yangu Adelle,

Pokea salamu za baridi kutoka kwa wifi yako. Goti lako linaendeleaje? Natumaini yule daktari mpya amelitazama vizuri, na kwamba jua la Arizona bado linakubembeleza. Mimi ni mzima, ila vidole vinakakamaa asubuhi, kwa hiyo uuvumilie mwandiko. Paka wa kaka yako naye yuko hai, mzee na mkorofi, anadai chakula kana kwamba ananilipa mshahara.

Asante sana kwa machungwa ya Krismasi. Nusu nimekula mwenyewe na nusu nimepeleka kanisani. Irene, yule jirani yangu wa kiti kanisani, alikula manne akasema ni ya kawaida tu.

Habari kubwa ni kwamba kanisa letu limepata kasisi. Tangu yule wa zamani astaafu tulikuwa tukijisomea sala wenyewe, tukingoja kasisi wa kuazima mara moja kwa mwezi, kama barabara inapitika. Siku hizi Waepiskopali wa huku hawangoji tena vijana watoke chuoni. Askofu huchukua watu walioshafanya kazi zao mpaka mvi zikatoka, wakasoma jioni na mwisho wa wiki, wakawa mashemasi kwanza, kisha akawaweka wakfu. Desemba alikuja kuwaweka wakfu watatu kwa mpigo, hapa hapa kwetu.

Wa kwanza ni Lyle Stromberg, yule daktari wa ng'ombe aliyekuwa akija kwa baba yenu. Mikono yake bado ni mipana kama koleo. Irene alimwambia mbele za watu, "Lyle, siku ukiniwekea hiyo mikono kichwani, tafadhali usinifungue mdomo uangalie meno." Wa pili ni Pauletta Voss, aliyekuwa mkaguzi wa kodi. Siku ya kwanza alipokuja kutusomea sala, nusu ya wanaume walihamia viti vya nyuma.

Wa tatu ni Roberta Kinnard, tuliyepewa sisi, na yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Alikuwa akipokea simu za dharura huko mjini, zile za moto na ajali na watu wanaokata roho.

Sasa wifi, itabidi nirudi nyuma kwenye siku aliyokufa kaka yako. Hukuniuliza kamwe, nami sikukwambia. Nadhani kila mmoja alidhani anamhurumia mwenzake.

Machi ile barafu ilikuwa imeshaanza kugeuka rangi. Kila mtu alikuwa ameondoa kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda isipokuwa Orrin, na unamjua kaka yako, hakuna amri ya serikali iliyowahi kumharakisha. Baada ya chakula cha mchana akasema anakwenda kukivuta. Nilisimama ukingoni nikimtania kwamba kibanda kile anakipenda kuliko mkewe. Alikuwa anageuka kunijibu barafu ilipofunguka chini yake.

Nilipiga namba ya dharura kwa simu ya mkononi. Ikapokewa na mwanamke mwenye sauti ya chini, iliyotulia, kama ya mtu anayezungumza huku anakunja nguo. Nilimweleza huku natembea. Mguu mmoja ulikuwa umeshakanyaga barafu aliposema, "Mama, usisogee. Wameshamwona. Wanamfuata kutoka upande wa pili, wamebakiza kidogo tu. Simama hapo hapo, zungumza na mimi."

Nikaurudisha mguu. Nilimwamini, wifi. Nikampigia Orrin kelele mpaka koo likachubuka: wanakuja, wamekuona, wanakuja.

Hapakuwa na mtu yeyote. Gari la uokoaji lilikuwa limekwama kwenye theluji nje ya mji, na lilipofika hapakuwa na wa kuokolewa. Mmoja wa vijana wa gari lile aliniambia hivyo kwa nia njema, akidhani najua.

Kaka yako hajanisumbua tangu azikwe. Alikuwa mpole akiwa hai na ni mpole hata sasa. Kinachonisumbua ni ile sauti. Naosha vyombo, inaniambia usisogee, na mikono yangu inaganda ndani ya maji. Kuna siku nilikaa kwenye gari mbele ya duka la nyama, mlango uko wazi, theluji inaniingilia mapajani, nisiweze kushuka kwa sababu imenikataza. Simu ya ukutani niliing'oa. Majirani wakasema uzee, nami nikawaacha waseme.

Basi Juni iliyopita askofu akatuletea Roberta, akiwa shemasi, ili atuzoee kabla ya kufanywa kasisi. Alisimama kusoma Injili. Hakuwa amemaliza mstari wa kwanza nilipomtambua. Irene akanitazama akauliza, "Vipi, umeona panya?" Nikamwambia ni joto.

Ningependa kukuandikia kwamba ni mtu mbaya, ingenirahisishia maisha. Lakini alikaa na mzee Gustafson mpaka dakika ya mwisho, akimsomea matokeo ya mpira badala ya zaburi kwa kuwa ndivyo mzee alivyotaka. Watoto wanamng'ang'ania kanzu. Mimi nilikuwa nakaa mbali naye, nikimpitishia kahawa bila neno la ziada, na nilipofika nyumbani nilikuwa nasikia usisogee kwa uwazi zaidi kuliko miaka yote.

Novemba alikuja nyumbani na chungu cha supu ya mchele wa mwituni. Aliketi kwenye kiti cha Orrin, hakuna aliyemwambia ni cha nani.

"Mama Verna," akasema, "nimekuja kukuomba uwe mmoja wa watakaonipeleka mbele ya askofu."

"Mwombe Irene. Anapenda kutazamwa."

"Simtaki Irene. Nakutaka wewe." Akaficha mikono chini ya meza. "Nakujua, mama. Nilikujua Jumapili ile ya kwanza, uliponiuliza kama natia maziwa kwenye kahawa. Mimi sauti hainipotei."

Nikamwambia, "Basi unajua uliniambia nini."

"Najua. Hakuna aliyekuwa amemwona. Hata gari lilipo nilikuwa sijui. Nilisikia barafu inalia chini ya mguu wako, nikasema lililokuja mdomoni."

"Ulisema uongo."

"Nilisema uongo. Niliacha ile kazi kwa sababu yake. Nimemwambia askofu, akasema si jambo la kunizuia. Lakini askofu hakuwa pale ukingoni." Alikuwa hanitazami, anatazama ile supu. "Siku yenyewe atawauliza watu kama yupo anayejua kosa lolote la kutuzuia. Ukisimama, sitabisha. Nitavua kanzu niende zangu."

"Na nisiposimama je?"

"Sijui. Hilo sijawahi kuliwazia."

Nilimfungulia mlango atoke. Supu sikuigusa, nilimpelekea Irene, naye akalalamika kwamba haina chumvi.

Wifi, wiki zile sikuwa mtu wa kuishi naye, bahati nzuri siishi na mtu. Nilikuwa nimepewa maisha ya mwanamke mzima mkononi, na nilikuwa na hasira naye. Kama angekaa kimya kwenye simu ningemfuata mume wangu. Tungezama wote wawili, najua, akili ninayo. Ila hakuna aliyeniuliza kama nataka kubaki.

Siku ya ibada watu walijaa mpaka ngazini. Lyle alikuwa amevaa viatu vipya vinavyolia. Watatu wale wakasimama mbele, na askofu akatugeukia akauliza lile swali. Askofu wa zamani alikuwa akiliuliza huku anafunua ukurasa. Huyu wa sasa huuliza kisha anangoja kweli. Mabomba ya kupashia joto yakagongagonga ukutani.

Roberta hakumtazama askofu. Alinitazama mimi, uso mtupu, kama mtu aliyeshafungasha mizigo yake. Nikashika kiti cha mbele yangu. Magoti yangu yalikuwa yameanza kunyooka, nakuapia, na neno nilikuwa nalo mdomoni. Ndipo nikaisikia sauti kichwani. Usisogee.

Nikakaa. Askofu akaendelea, watu wakaitikia kwa nguvu kwamba ndiyo, hawa wafanywe makasisi. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimsamehe au nilimtii.

Ilipofika zamu ya Roberta, makasisi wote waliokuwapo wakamzunguka wakamwekea mikono, nami nikaona kanzu yake ikitetemeka mgongoni.

Ibada ilipokwisha, wapya wale walisimama kwenye uzio wa madhabahu ili watu waje wapate baraka yao ya kwanza. Mstari wa Lyle ulikuwa wa vicheko. Wa Pauletta ulikuwa wa wanaume watupu, sijui walikuwa wanaomba nini. Mimi nilienda kwa Roberta. Nilipiga magoti, akaniwekea mikono, nikaona afadhali nimwambie sasa kuliko kukaa na jambo lile peke yangu.

"Nilimfikishia," nikasema.

"Ulimfikishia nani, mama?"

"Orrin. Maneno yako. Nilimpigia kelele kwamba wameshamwona. Alisikia. Akainua mkono, vile alivyokuwa akiwapungia watu barabarani. Alikuwa anahangaika kushika ukingo wa barafu, na baada ya hapo hakuhangaika tena. Akawa anangoja."

Mikono yake ikawa mizito kichwani pangu. Irene akanong'ona nyuma yangu, "Jamani, na sisi tubarikiwe kabla hatujafa."

"Sikujua kama alinisikia," Roberta akasema. Kisha akanibariki. Sikumbuki neno hata moja. Nakumbuka tu kwamba machozi yake yalinidondokea shingoni na yalikuwa ya moto.

Ndivyo kaka yako alivyokufa, wifi. Alikufa akingoja, akiamini kwamba watu wamefika. Kuna asubuhi naamka nikishukuru kwamba hakufa na hofu. Kuna asubuhi nyingine naona kwamba mimi na Roberta tulimwambia aache kupambana wakati labda alibakiza hatua moja. Nimekuandikia kwa sababu alikuwa wako kabla hajawa wangu, na una haki ya kubeba nusu.

Sasa kila Jumapili Roberta anasimama mezani pa Bwana. Anauinua mkate, na akifika mahali pale katika sala anatuambia kwamba Mwokozi yuko njiani, kwamba atakuja. Anasema kwa sauti ile ile, hana haraka, hana wasiwasi. Kanisa zima linaitikia, Lyle kwa kishindo kuliko wote. Nami natetemeka kama niko ukingoni tena, natazama huku na huku kama yupo mwingine aliyesikia nilichosikia, na wakati huo huo, wifi, namwamini.

Yeye na mimi hatujazungumza tena juu ya jambo hili. Jana alikuja kuniondolea theluji mlangoni, nikampa kahawa. Alikunywa akiwa amesimama, hakukikaribia kiti cha Orrin.

Nisalimie shemeji Dwight, mwambie wavu wake wa samaki bado uko kwangu na siurudishi. Msalimie Corinne na wanawe, na yule mdogo mwambie meno mapya yataota. Irene anakusalimu, na Lyle amesema ukija atakubariki bure. Kama moyo utakuruhusu niandikie, hata kama ni kwa hasira, nitasoma yote.

Usiogope, Adelle. Bwana amekuona huko uliko, naye yuko karibu sana nawe. Naomba nisiwe nimekudanganya.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama zamani,
Verna