Tarehe Iliyo Kwenye Kikaratasi cha Maliro

Butembo, Jumapili, tarehe 14 Novemba 1965

Mpendwa yaya Berthe, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu sote, na zangu kabla ya zote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya huko Léopoldville, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Je, hospitalini bado wanakupanga zamu za siku saba mfululizo? Mama anakuombea, ila anasema ungekula vizuri zaidi, sala zake zingekuwa na kazi ndogo.

Sisi tuko salama, kwa kiasi ambacho mtu anaweza kulitumia neno hilo siku hizi. Mguu wa mama umepona na amerudi shambani. Mvua ni nyingi. Maharagwe ya bondeni yameoza. Barabara ya Beni imefunguliwa, ingawa malori bado hupendelea kusafiri mawili-mawili.

Duka la vitabu nalo limefunguliwa tena, na mzee Ézéchias, mwenye duka, amenirudisha kazini mpaka Université itakaponiita. Rafu nyingi ni tupu tangu duka lilipoporwa. Hata hivyo desturi yetu ya zamani imerejea: kila muuzaji huchagua riwaya aliyoipenda, akaandika sababu zake kwenye kikaratasi, akatia tarehe na jina, akakiweka ndani ya kitabu juu ya meza ya mbele. Mzee ana sharti moja tu, kwamba usimsifie mteja kitabu ambacho hukukimaliza.

Nadhani unakumbuka tulivyogawana. Mimi nilisifia vitabu vya upelelezi. Baba Kasonia, mwenye watoto saba na tumbo la heshima, alisifia vya mapenzi, na alilia mbele ya wateja bila haya. Aliniambia mara nyingi: "Weye mademoiselle, kila siku unatafuta muuaji. Miye natafuta bibi-arusi. Nani kati yetu atalala muzuri?" Na Maliro, mchumba wako, alisifia hadithi za ajabu, zile za wafalme wanaoishi chini ya maziwa na milima inayohama usiku. Kasonia alimtania kwamba mwanaume anayeposa anapaswa kusoma rafu ya Kasonia. Maliro alijibu: "Mapenzi niko nayo kwa nyumba, baba. Mulima wenye kutembea, ndiyo sina."

Yaya, nimechana karatasi tatu kabla ya kufika hapa. Sasa naandika.

Mwezi wa tatu nilikuambia kwamba Maliro yu hai. Nilikuambia kwa uhakika, na uhakika huo sikuwa na haki nao.

Unajua kwamba Jumamosi ya tarehe 22 Agosti, mwaka jana, alipanda lori kupeleka vitabu vya shule Oicha, na kwamba waasi walilisimamisha lori lile kabla halijafika. Mwalimu Étienne Mukendi, yule Mkasai aliyekuwa akifundisha kule, alikuwa ndani yake. Yeye aliachwa kwa sababu ambayo hadi leo haielewi. Alituambia kwamba alimwona Maliro akiwekwa katika mstari pamoja na wengine wanne, wakapelekwa nyuma ya miti, na kwamba alisikia bunduki. Kuona, hakuona.

Kisha mwezi wa tatu mama mmoja wa Mabalako alituletea riwaya aliyoinunua sokoni, mojawapo ya zile zilizoporwa dukani. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi cha Maliro, kwa mwandiko wake: "Nimekisoma mara mbili. Usikisome ukiwa na haraka." Na juu yake: Ijumaa, 4 Septemba 1964.

Siku kumi na tatu baada ya lori! Niliushika mkono wa yule mama nikalia. Mwandiko ulikuwa wake; kwa hiyo mnamo Septemba alikuwa na kalamu mkononi; kwa hiyo Étienne alisikia bunduki nyingine. Ndivyo nilivyofikiri, hatua kwa hatua, kama vitabu vyangu vilivyonifundisha. Nilikuandikia jioni ileile, na kesho yake nilimweleza mama yake Maliro.

Baba Kasonia amerudi juma lililopita kutoka Luofu, alikokuwa amekimbilia na familia yake. Nilimwonyesha kikaratasi nikitarajia afurahi. Alikitazama, akaketi juu ya sanduku.

"Ii Katungu! Septemba gani? Mais hii tuliandika mwezi wa saba, miye naye, kwa meza hii hii. Tulikuwa tunatayarisha rentrée, watoto kurudi ku masomo. Mzee alitaka kila kitu kiwe tayari mbele."

Vikaratasi vya meza ya Septemba, kumbe, vilikuwa vikiandikwa Julai na kutiwa tarehe ya siku ambayo kitabu kingewekwa mezani. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa likizo tu, sikupewa kuviandika. Kila mwaka meza hiyo ilipokuwa ikitandikwa, nilikuwa nimekwisha kurudi masomoni. Mtu yeyote wa dukani angenisahihisha kwa sentensi moja. Lakini mwezi wa tatu duka lilikuwa bado limefungwa na hakuwepo wa kumuuliza, nami, nikisema kweli, sikutaka kuuliza.

Nilikwenda kwa mama yake Maliro siku ileile. Alikuwa akichambua mbegu za maharagwe, na hakuacha kuchambua nilipokuwa nikieleza. Kisha alisema:

"Basi miezi munane nilikuwa nagombeza mufu. Kila asubui nilisema: huyu mutoto hana heshima, iko anakula kwa batu, hanikumbuke hata na salamu moja. Sasa nani atamuambia asamehe mama yake?"

Nilikaa chini, yaya, nikachambua naye mpaka mbegu zikaisha.

Nawe katika barua yako ya mwezi wa tisa uliandika kwamba kama yu hai na hakuandikii, basi amekuacha, na kwamba kaka yetu Henri Mbusa atawarudisha mbuzi wa mahari kabla ya Noeli. Nilipoisoma nilikupa haki. Leo nakusihi umwandikie Henri azuie jambo hilo. Mbuzi wakirudishwa namna hiyo, ukoo mzima utaelewa kwamba Maliro alikuwa mtu wa kutupa mchumba, na mama yake ndiye atakayezifungua kamba mbele ya majirani. Hasira yako ni halali, ila ilimwangukia asiyestahili. Niliisababisha mimi, nipe mimi.

Huenda utaniuliza kama sasa nina hakika. Sina. Hatuna mwili wala kaburi, na mtu aliyekosea mara moja kwa kujiamini anaweza kukosea mara ya pili kwa majuto. Nimelipima jambo hili siku nyingi. Familia imeamua kufanya matanga Jumamosi ya tarehe 27, na nimekubali kwenda. Kama nimekosea tena, afadhali arudi akute tulimlilia kuliko arudi akute tulimtukana.

Usijilazimishe kuja, njia ni ndefu. Lakini ukiweza kuandika mistari michache kwa mama yake, nitamsomea mwenyewe, polepole, kwa Kinande.

Baba na mama wanakusalimu. Mama mdogo Yolande anauliza kama ulipokea chumvi ya Katwe. Baba Kasonia anakusalimu kwa machozi, na safari hii hakuna anayemcheka. Mama yake Maliro anakusalimu pia. Alikuita mukwe wake, nami sikumsahihisha.

Mungu akushike mkono, yaya, hasa katika saa utakapoikunja barua hii.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuomba radhi,

Katungu Germaine