Fomu Namba 214 ni Dada Yangu

Mpendwa mshauri, niokoe kabla Ijumaa haijafika, siku ya kukabidhi ripoti, mimi ni mtafiti mdogo katika ofisi yenye wakubwa wawili wasiopikika chungu kimoja, mmoja tunamwita Bwana Asilimia na mwingine Mama Simulizi, na ripoti yenyewe ni yao wote ila mwandishi ni mimi. Tunachunguza kama akina mama wanaridhika na huduma ya kujifungua kwenye zahanati moja, nami nimejaza fomu mia tatu nikiwauliza wajawazito palepale kwenye foleni, na mia mbili sabini na sita wamesema wameridhika, yaani asilimia tisini na mbili, Bwana Asilimia akafurahi hadi akaninunulia soda, halafu Mama Simulizi akanituma majumbani na kinasa sauti, nikakaa na wanawake kumi na mmoja, wote wakasema mkunga wa pale ana mdomo mchafu na anawaacha kwenye benchi hadi uchungu unawazidi, na tisa kati yao wamezalia nyumbani. Sasa Bwana Asilimia anasema, "Kumi na moja si takwimu, huo ni umbeya, futa," na Mama Simulizi anasema, "Hizo tiki zako ni karatasi tu, tupa," na mkataba wangu unaisha mwezi ujao na lazima wausaini wote wawili. Kama hayo hayatoshi, dada yangu wa damu, ambaye ni fomu namba 214, "nimeridhika sana", Jumapili tukimenya viazi akaniambia hii mimba ya miezi minane atajifungulia chumbani kwake, nikamuuliza mbona kwenye fomu ulisema vingine, akacheka, "We naye! Ulitaka niseme nini, na yule mkunga kasimama nyuma yako?" Nilifedheheka sana. Mshauri, nimsikilize mkubwa yupi?

Ni mimi, Mjaza Fomu

MSHAURI ANAJIBU

Mjaza Fomu, nimezoea barua za mawifi na wachumba, leo nimeletewa asilimia. Pole kwa kuwekwa kati. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu kosa ni lako, umeliandika mwenyewe kisha ukalipita.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe uliuliza habari za kunguni mbele ya mwenye kitanda. Tena uliuliza waliokuja tu. Waliokata tamaa hawapangi foleni, kwa hiyo hukuwahesabu.

Mama Simulizi naye asianze kushangilia. Hao kumi na mmoja uliwapataje? Nadhani mmoja alikupeleka kwa jirani, jirani akakupeleka kwa shoga yake. Wanasema kweli, ila hawawezi kukuambia wengine kama wao wako wangapi.

Basi fanya hivi. Omba wiki mbili. Chukua maneno ya wale kumi na mmoja, yageuze kuwa maswali. Piga kura ya bahati nasibu uchague nyumba, uwaulize akina mama kwao, mkunga akiwa mbali, waliokwenda zahanati na wasiokwenda. Hesabu. Hesabu ikikushangaza, rudi ukae chini uulize kwa nini. Kisha waite wakubwa wako chumba kimoja, siku moja, uwaonyeshe kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya ripoti. Wakikataa kusaini mkataba, andika tena tutafute kazi.

Namba ya dada yako nimeibadilisha kabla ya kuchapa. Kila anayejaza fomu huahidiwa siri, nawe ukaja kuimwaga gazetini. Usirudie.

Jambo la mwisho. Umeniuliza kuhusu wakubwa na mkataba. Kuhusu dada yako hukuuliza kitu, ulisema tu kwamba ulifedheheka. Ripoti inaweza kusogezwa mbele, mtoto hasogezwi. Leo hii nenda kwake bila fomu wala kalamu, umuulize anaogopa nini, umwache amalize kusema. Siku ikifika, umpeleke hospitali nyingine, hata kama ni mbali, na ukae naye kwenye benchi.