Mguu wa Kusimamia

Kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nzito kama makochi tunayobeba hapa karakana. Sisi huku ni wazima. Mama magoti yake yanalalamika kidogo asubuhi, lakini ulimi wake hauna tatizo lolote. Mimi ni mzima kupita kiasi. Wewe je, huko ghalani? Goti linasemaje ukipanda ngazi na mzigo? Na unakula vizuri, au bado unajipikia vile vyakula vyako vinavyoungua chini na kubaki vibichi juu?

Ndani ya bahasha hii kuna kitu kidogo nimekifunga kwa kitambaa cha kochi. Usikifungue kwanza. Nakujua, tangu utoto mkono wako ulikuwa unafika kwenye sahani kabla haujanawa. Soma hadi mwisho, ndipo ufungue.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako sasa anapiga voli. Sisemi kubutua. Nasema ule mpira unaotoka juu, wenzangu wanangoja utue wautulize, mimi nauunganisha hukohuko hewani kabla haujaonja ardhi. Bila kujisifu kaka, ingawa hapa najisifu, mtaa mzima hakuna mwingine.

Lakini sikuzaliwa nayo. Unaukumbuka ule ukuta nyuma ya karakana, usio na dirisha? Nilikusanya makombo ya sponji, nikayaviringisha, nikayavika kitambaa cha maua na kushona kwa uzi wa kochi. Ukawa mpira wangu. Kila jioni baada ya kufagia naurusha juu, unashuka, naupiga ukutani. Wiki mbili tu nikajiona hatari. Nikaenda mazoezini kifua mbele, nikamwambia kocha, yuleyule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akinitoa nje ya darasa, kwamba leo anipange mbele aone.

Krosi ya kwanza ikaja. Nikainua mguu kwa madaha, nikapiga upepo. Mpira ulishapita zamani. Ya pili hivyohivyo, na ya tatu nikaanguka chali. Kumbe sponji inashuka taratibu kama mgeni asiyetaka kuaga, na mpira wa kweli unashuka kama Mama akisikia sahani imevunjika. Tangu siku hiyo wananiita Feni, eti kazi yangu ni kuzungusha upepo.

Fundi wangu alipoisikia habari hiyo alicheka hadi akakaribia kumeza msumari, maana unajua anavyoiweka misumari mdomoni. Kisha akaniambia kwamba napiga mpira kama nilivyokuwa nikipiga misumari mwezi wangu wa kwanza, yaani natumia nguvu huku macho yangu yakiwa kwenye nyundo. Akasema macho yawe kwenye kichwa cha msumari, uzito wa nyundo ufanye kazi yake. Na kabla ya yote nitazame nimesimamaje, kwa sababu fundi aliyesimama vibaya hupiga kidole chake. Mguu unaopiga, alisema, ni wa kupokea sifa tu, mwenye kazi ni ule wa kusimamia. Huyu mzee hajawahi kugusa mpira maishani mwake, kaka.

Akachora duara kwa chaki yake ya kukatia vitambaa, akanikataza kupiga kwa siku tatu. Kazi yangu ikawa kutazama mpira wa kweli ukishuka na kuweka mguu wa kushoto ndani ya duara kwa wakati, basi. Na unajua aliyekuwa akinirushia ni nani? Mama. Yuleyule aliyeapa baada ya goti lako kwamba mpira hautaingia tena nyumbani kwake. Nilipomkumbusha akanijibu kwamba ua wa karakana si nyumbani kwake, na kama nina maneno mengi atarusha mawe. Siku ya nne nikaruhusiwa kupiga. Kifundo nimekikaza, kifua kimeulalia mpira usipae, nao ukaenda ukutani umenyooka. Fundi akatema msumari mmoja akaendelea na kazi.

Jumapili iliyopita ndipo nilipolipa jina langu heshima. Tulikuwa sare ya bao moja kwa moja na wale jamaa wenye kipa mpana wanayemwita Kabati. Dakika za mwisho kona ikapigwa, beki wao akautoa kwa kichwa, ukapanda juu hadi watu wakatafuta pa kukimbilia. Mimi nikausubiri. Nikauona mshono wake, nikaweka kushoto mahali pake, nikapiga. Mlio wake haukuwa wa mpira, ulikuwa wa msumari ukiingia kwenye mbao ngumu. Kabati hakusogea. Kabati huwa halisogei.

Walinibeba. Kisha kocha akanyamazisha watu, akanishika bega, akasema mbele ya wote kwamba mimi nina kitu ulichokikosa wewe, mguu wa kusimamia, na kama ungekuwa nao ungefika mbali. Watu wakaitikia. Mama alikuwa palepale, akainamisha kichwa. Mimi nami nikainamisha changu, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Mimi na unyenyekevu tumeonana wapi?

Kaka, sasa kaa chini.

Mwaka jana, siku moja kabla ya mechi yako ya mwisho, ulipokwenda kunyoa, nilichukua njumu zako chini ya kitanda nikaenda kuzijaribu kwenye ukuta ule. Jino moja la chini ya njumu ya kushoto likachomoka, likapotea kwenye makombo ya sponji yaliyorundikwa pale. Nilitafuta hadi jua likashuka. Nilikuogopa. Basi nikachonga jino kutoka kwenye mguu wa kochi, nikalipaka rangi nyeusi, nikalibandika kwa gundi yetu ya sponji. Na lilikaa vizuri, kaka. Nilijiona fundi. Gundi ile hushika sponji na kitambaa. Haikutengenezwa kushika mtu anayekimbia.

Siku ya pili nilikuwa nyuma ya goli. Krosi ilipokuja nikauona mguu wako wa kushoto ukiteleza kabla hujaugusa mpira. Wengine walikimbilia kukubeba. Mimi nilikimbilia jino la mbao kwenye majani, nikalitia mfukoni.

Halafu ukaanza kuwaambia watu kwamba mguu wako umekusaliti, kwamba huwezi tena kuuamini. Hata plasta ilipotoka hukujaribu, ukafunga begi ukaenda ghalani. Mwaka mzima nimekuacha uamini hivyo. Mguu wako haukukusaliti hata siku moja. Mimi ndiye. Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hawakusema afanyeje aliyelivunja koleo la mwenzake.

Mama bado hajui. Nimeanza na wewe. Nikishamwambia yeye, huenda hata wewe ukanihurumia. Na Jumamosi mazoezini nitamweleza kocha mbele ya wote, kama alivyosema yeye mbele ya wote. Najua watanivua sifa zote. Wanivue, goli halifutiki.

Sasa fungua kitambaa. Ni jino lako lenyewe, la chuma. Jumatatu nilipindua magunia yote ya makombo, Fundi akadhani nimepata wazimu, nikalipata kwenye gunia la tano. Njumu zako ziko palepale chini ya kitanda, nimezipaka mafuta, ya kushoto ina pengo. Sikulirudisha mwenyewe, kazi yangu ya kupachika meno umeshaijua. Njoo ulikaze kwa mkono wako. Daktari akikataa usikimbie, basi uje unirushie, Mama mikono inamchoka na matusi yake yanaanza kujirudia.

Na kama unakuja kunipiga, njoo vilevile. Sitakimbia. Utanikuta kwenye duara la Fundi, na siku hizi najua kusimama.

Mama anakusalimu na kuuliza kama unavaa soksi kavu. Fundi anakusalimu kwa misumari mdomoni, kwa hiyo sikusikia vizuri alichosema, ila alitikisa kichwa kwa wema.

Ni mimi mdogo wako,
Feni