Golikipa wa Kwenye Treni

Lydie!! Uko? Nimeaibika jamani 😭😂

Nilikuwa kwenye treni ya kwenda Westmead, nikisoma kile kitabu cha maisha ya golikipa Bigirimana ulichoniazima. Mzee mmoja mwenye upara akaniuliza kwa Kiswahili, "Kitabu kizuri?"

Nikajibu, "Kizuri, ila huyu mtu ni mwongo! Eti alidaka penalti kidole kimevunjika!"

Akaninyooshea mkono. Kidole kimepinda kabisa.

NI YEYE, LYDIE. Kwenye jalada ana nywele, ningejuaje??

Akacheka mpaka machozi. Kwa aibu nikamwambia, "Lakini pale mama yako anapokushonea jezi kwenye kambi ya wakimbizi, nililia."

Akafuta machozi. "Ndiye ninayekwenda kumwona hospitali. Hajui Kiingereza, kwa hiyo hajawahi kukisoma hicho kitabu."

Mdomo wangu huu! "Basi twende nikamsomee kwa Kiswahili."

Nimetoka huko sasa hivi. Nilipofika pale alipoandika kwamba kitambaa cha jezi kilinunuliwa sokoni, mama akacheka kitandani.

"Sokoni wapi? Lile lilikuwa gauni langu la harusi!"

Lydie, mtoto wake hakujua. Miaka yote hiyo! Tumelia na kucheka wote watatu, mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini.