Pikapu Anayoitaka Ambrose

Kongo, Kawangware
Jumatano, 11 Juni

Dada Mercyline,

Sisi wazima, na Bridgit ameota meno mawili.

Ile pikapu mumeo anakuja kuinunua Jumamosi inavuma ikikata kona ya kulia. Niliiinua kwa jeki, nikatikisa gurudumu la mbele la kushoto, likacheza. Beringi imekwisha. Nilinunua mpya, lakini Mbuthia, mwenye gari na chumba chetu, akairudisha dukani.

“Jaza grisi inyamaze, fundi. Ama mmechoka kulala kwangu?”

Nikajaza.

Jumamosi nitasimama kando ya Mbuthia niseme gari ni zima. Ambrose asinisikize. Aliinue gurudumu hilo, alitikise mwenyewe. Usimtajie barua hii, uso wake hauwezi kuficha kitu. Akiuliza umejuaje, mwambie uliota.

Ndugu yako,
Phanuel